Mfupa wa Ishango: wankambo walikuwa wanahesabu nini?



Katika shule yetu kuna pande mbili. Upande wa kwanza wanasema hesabu ilifika Kongo pamoja na wazungu, ndani ya sanduku moja na chaki na ubao mweusi. Upande wa pili wanasema hapana, wankambo wetu walijua hesabu zote toka zamani, hata zile zinazotushinda sisi wa kalasi ya sita, na shahidi wao ni mfupa wa Ishango. Mimi naona bale wa kwanza hawajausikia ule mfupa, na bale wa pili wameusikia tu, hawajauhesabu. Njo maana naandika somo hili. Chukueni kalamu.

Ishango iko Kivu ya Kaskazini, upande wa Beni, ndani ya Parke ya Virunga, pale maji ya Ziwa Edward yanatoka na kuwa mto Semliki. Maji hayo yanashuka mpaka Ziwa Albert, kisha yanaingia Nile. Wenye jamaa wavuvi kule Kyavinyonge wanazijua sehemu hizo. Mwaka wa 1950 Mbelgiji mmoja, Jean de Heinzelin, mtaalamu wa mawe na udongo, alichimba pale. Akakuta vyusa vya mfupa vya kuvulia samaki, mawe ya kukatia, mifupa ya samaki na ya nyama, hata mifupa ya watu. Katikati ya vitu hivyo kulikuwa kijifupa kimoja cha rangi ya kahawia, urefu wake karibu santimeta 10 tu. Kalamu yako inakipita. Kwenye ncha yake moja wamepachika kipande cha jiwe gumu la kwarizi, sawa jino.

Ni kijifupa hicho kilichojaa mikato. Mikato yenyewe haikutupwa ovyo, imepangwa kwa vifungu, na vifungu vimesimama kwa mistari mitatu. Andikeni:

Mstari wa kwanza: 11, 13, 17, 19.
Mstari wa pili: 11, 21, 19, 9.
Mstari wa katikati: 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5, 7.

Jumlisha wa kwanza: 60. Jumlisha wa pili: 60. Wa katikati: 48. Hapo mtu yeyote anasimama kidogo.

De Heinzelin mwenyewe, katika makala yake ya mwaka wa 1962, alisema watu hawa walikuwa wanacheza na namba. Tazama mstari wa katikati: 3 halafu 6, 4 halafu 8, ni kuzidisha kwa mbili, kisha 10 halafu 5, ni kugawanya kwa mbili. Tazama wa pili: 11 ni 10 na moja, 21 ni 20 na moja, 19 ni 20 kutoa moja, 9 ni 10 kutoa moja. Na wa kwanza? 11, 13, 17, 19 ni zile namba ambazo hazigawanyiki ila kwa moja na kwa zenyewe, tena ni zote zilizo kati ya 10 na 20, hakuna hata moja iliyosahaulika. Upande wa pili wa shule hapa wanapiga makofi.

Polepole, ndugu. Kusudi mtu ajue namba isiyogawanyika, sharti kwanza ajue kugawanya, tena ajaribu namba moja moja na kuitupa ile inayogawanyika. Hakuna alama nyingine pale Ishango inayoonyesha kazi ya namna ile. Namba nne kukutana hivyo inaweza kuwa bahati. Na kama walizitafuta kwa makusudi, juu ya nini kwenye mstari wa pili waliweka 21 na 9, ambazo zote zinagawanyika kwa tatu? Mimi jambo hili silikubali, hata kama linatupa sifa.

Mwamerika mmoja, Alexander Marshack, aliuangalia mfupa kwa mikroskopi, na katika kitabu chake cha mwaka wa 1972 akasema ni kalenda ya mwezi. Kutoka mwezi mwandamo mmoja mpaka mwingine ni siku 29 na nusu, basi miezi miwili ni siku 59, inakaribia 60. Mvuvi au mwindaji anayetembea usiku ana lazima ya kujua mwezi, hilo kila mtu wa kijijini analijua. Lakini 59 haiko 60, na 48 ni mwezi mmoja na nusu pamoja na siku karibu 4 za kuzidi. Ukipewa ruhusa ya kuongeza na kupunguza, utapata mwezi katika namba yoyote. Wengine tena wanasema haiko hesabu hata kidogo: mikato ilikuwa ya kushikia, mkono usiteleze wakati wa kuchonga na lile jiwe la kwenye ncha. Mpini tu! Mimi nawajibu hivi: mpini hauombi vifungu, mtu angekata sawasawa toka juu mpaka chini akamaliza. Hapa kuna mtu aliyekata, akaacha nafasi, akakata tena. Kwamba alikuwa anahesabu kitu, hilo naliamini. Ni kitu gani, mfupa hausemi.

Sasa tuingie katika umri wake, maana hapa njo kuna fizika. Kila kitu chenye uhai, mti, nyama au mtu, kinaingiza ndani yake kaboni 14. Kikikufa, hakiingizi tena, na ile iliyomo inapungua polepole: kisha miaka 5.730 inabaki nusu, kisha miaka 11.460 inabaki robo, kisha miaka 17.190 inabaki sehemu moja kwa nane. Mwamerika Willard Libby ndiye alionyesha njia hii kwenye mwaka wa 1949, akapewa Nobel mwaka wa 1960. De Heinzelin alipimisha makombe ya konokono wa Ishango, akajibiwa: karibu miaka 21.000. Yeye akakataa. Aliwaza hivi: sehemu ile ni ya milima ya moto, maji ya ziwa yana kaboni ya zamani sana iliyotoka chini, konokono wanaitumia kwa kujenga makombe yao, basi watajionyesha wazee kuliko walivyo. Akakadiria miaka karibu 8.000 tu. Mawazo yake yalikuwa mazuri kabisa, lakini alipunguza sana. Miaka ya 1980 watafiti walirudi kuchimba na kupima vitu vingine, wakaona kumbe Ishango ina miaka karibu 20.000. Fanyeni hesabu ninyi wenyewe: kwa miaka 20.000 kaboni 14 inayobaki ni karibu 9 tu kwa 100.

Njia hii ina mwisho wake. Ukipita miaka 50.000, kaboni 14 imekwisha karibu yote, hakuna cha kupima. Na hiyo ilileta mabishano mengine, makali kuliko ya kwanza, juu ya Katanda. Katanda iko kwenye Semliki hiyo hiyo, kilometa chache tu chini ya Ishango. Pale Wamerika wawili, Alison Brooks na John Yellen, pamoja na wenzao, walikuta miaka ya 1980 vyusa vya mfupa vyenye meno ya pembeni, vimechongwa vizuri, pamoja na mifupa ya kambare wakubwa. Walipopima mchanga na meno ya viboko kwa njia zisizo za kaboni, wakapata miaka karibu 90.000, wakaitangaza mwaka wa 1995. Wataalamu wengi hawakukubali upesi. Juu ya nini? Kwa sababu vyusa vya namna ile kule Ulaya vinaonekana miaka elfu nyingi nyuma yake, na vitabu vilikuwa vimezoea kuanzia Ulaya. Wengine walikuwa na sababu nzuri zaidi: mto unaweza kuchimbua kitu cha juzi na kukilaza pamoja na cha zamani. Lakini Katanda haiko shimo moja. Vyusa vilitoka sehemu zaidi ya moja, na kambare walikuwa wakubwa karibu wote, kama vile watu walijua majira ambayo kambare wanapanda kwa kutaga, wakangojea majira hayo. Wavuvi wa leo wanaijua kazi hiyo.

Wale wanaoona miaka 90.000 ni mingi, wasikie hii. Kwenye maporomoko ya Kalambo, Zambia, karibu na mpaka wa Tanzania, mahali maji yanashuka kwenda Ziwa Tanganyika, walitangaza mwaka wa 2023 magogo mawili yaliyokutanishwa, moja limechongwa kusudi likalie lingine. Umri wake unapata miaka 476.000. Wakati ule watu wa namna yetu walikuwa hawajaonekana bado. Mti haukuoza kwa sababu ulilala ndani ya maji na udongo muda wote.

Mfupa wa Ishango wenyewe hauko Beni wala Kinshasa. Uko Bruxelles, katika makumbusho ya elimu za viumbe, ndani ya sanduku la kioo. Mwanafunzi wa kule anapanda basi kwenda kuuona. Sisi tunauchora kutoka kwenye picha. Hilo lina mabishano yake, na naliachia mwingine aliandike katika namba itakayofuata.

Kazi kwa kalasi ya tatu mpaka ya sita: katika mstari wa katikati, 3 na 6 ni ndugu, 4 na 8 ni ndugu, 10 na 5 ni ndugu. Zinabaki 5 na 7 za mwisho, na mimi sijaona undugu wake. Mwenye kuuona aandike kwenye karatasi, pamoja na sababu, aniletee mbele ya siku ya posho. Jibu lisilo na sababu halitapokelewa.