Chumvi Iliyojificha Chunguni

Mke ambaye mumewe amekatazwa chumvi na daktari kwa sababu ya damu kupanda, hulificha kopo la chumvi akadhani kazi imekwisha. Kumbe yamo magadi. Magadi yachimbwayo katika Ziwa Magadi yana sodiamu, nayo sodiamu ndiyo imdhuruyo mgonjwa, iwe imo katika chumvi au katika magadi. Basi maharagwe yaliyolainishwa kwa magadi hayamfai, hata kama ulimi hausikii chumvi. Vidonge vya mchuzi vya dukani navyo vimejaa chumvi.

Yafaa maharagwe yalowekwe tangu jioni, maji yale yamwagwe, kisha yachemshwe kwa maji mapya mpaka yaive barabara. Kuni zitazidi kidogo, hilo halikanushiki. Kitunguu, nyanya na kitunguu saumu vikaangwe kwa mafuta machache ya alizeti, vitiwe humo pamoja na dhania. Ndimu ikamuliwe chungu kikiisha kuepuliwa, maana ukali wake huufanya ulimi usiitafute chumvi sana.

Shirika la Afya Duniani lashauri chumvi ya mtu mzima isifike gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai kisichojaa, pamoja na ile iliyomo katika mkate. Juma la kwanza watu wa nyumbani watanung'unika. Baada ya majuma machache ulimi huzoea.