Mtoto Anayetembea Usingizini

Mwezi huu tuangalie tatizo ambalo wengi hulificha kwa aibu. Mtoto amelala vizuri, kisha usiku anainuka, anatembea, pengine anafungua mlango na kutoka nje. Macho yako wazi, lakini ukimwita hajibu. Asubuhi hakumbuki lolote.

Wapo wanaosema mtoto amerogwa, na wapo wanaompiga. Huo si uchawi wala utundu. Ubongo umeamka nusu tu: mwili unatembea, fahamu bado zimelala. Hutokea zaidi katika saa 1 hadi 3 za mwanzo za usingizi, ambapo usingizi ni mzito. Huwapata hasa watoto wa miaka 4 hadi 12, na mara nyingi hurithiwa katika ukoo. Wengi huacha wenyewe wakifikia ujana.

Wengine huweweseka: hupiga mayowe, hutoka jasho, na hawatulizwi. Nao hawakumbuki. Ndoto mbaya ni tofauti. Huja zaidi kuelekea alfajiri, na mtoto huamka akaisimulia.

Vichocheo ni kukosa usingizi wa kutosha, homa, mkojo uliojaa na wasiwasi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12. Kijana wa miaka 13 hadi 18, saa 8 hadi 10.

Nyumbani fanyeni hivi:

1. Msimtikise wala kumfokea. Mwongozeni taratibu arudi kitandani.

2. Fungeni mlango, na ufunguo awe nao mtu mzima aliye karibu, ili moto ukitokea mtoke upesi. Ondoeni panga, jiko na taa ya mafuta njiani. Funikeni kisima. Asilale kitanda cha juu, hata bwenini.

3. Alale mapema, kwa saa zilezile, akiwa amekwisha kwenda haja ndogo.

4. Kama huinuka saa ileile kila usiku, mwamsheni dakika 15 kabla, kwa wiki chache.

Mleteni hospitali akikakamaa, akitupatupa mikono na miguu, aking'ata ulimi, au hali ikirudia mara nyingi usiku mmoja. Huenda ni kifafa, nacho kina dawa.

Na mtoto mwenye homa anayesema ovyo au asiyetambua watu, msingoje kupambazuke. Malaria inaweza kuwa imepanda kichwani, na kila saa inayopita ni hatari kwa maisha yake.