Mwembamba na Chakula cha Kujenga Mwili

Wapo wavulana waliozaliwa wembamba, nami ni mmoja wao. Wengi wetu hudhani kwamba kunyanyua vyuma peke yake kutatuongezea misuli. Sivyo. Mazoezi huiamsha misuli, chakula ndicho kiijengacho, na usingizi huipa nafasi ya kukua.

Mtu afanyaye mazoezi hayo yamfaa apate kama gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 50 ahitaji gramu 80. Atazipata wapi? Si lazima anunue unga wa kopo wa bei ghali. Gramu 50 za dagaa wakavu wa ziwa letu, wauzwao Musoma na Bunda, humpa kama gramu 25. Vikombe viwili vya maharage yaliyopikwa, gramu 30. Robo lita ya maziwa ya ng'ombe wa Butiama, gramu 8. Yai moja, gramu 6. Ugali na karanga hukamilisha hesabu.

Lakini mwembamba asiudharau ugali. Akila kidogo, mwili huigeuza hata protini kuwa kuni za kuupa nguvu. Basi anywe uji wa ulezi asubuhi, ashibe mchana, wala asilale bila kula.

Wazazi wapendwa, mtoto arudipo shuleni, mfungieni dagaa na karanga. Nasi wanafunzi tujipime kila mwezi. Ongezeko la kilo moja latosha. Haba na haba hujaza kibaba.