Tovuti ya Biashara Ndogo: Anachokitafuta Mteja na Anachokikimbia

Kata ya Kinampanda, wilayani Iramba mkoani Singida, inajulikana na wengi kwa sababu ya chuo chake cha ualimu. Walimu waliosomea hapo wametawanyika katika shule za mikoa mbalimbali, na baadhi yao hadi leo huagiza mafuta ya alizeti na asali ya Singida kupitia kwa ndugu na marafiki. Kwa mfanyabiashara mdogo wa Kinampanda hao ni wateja walio tayari: wanaijua bidhaa, wanakijua kijiji, na simu wanayo mkononi. Kinachohitajika ni wao kumpata muuzaji, kumwamini, na kurudi kwake msimu unaofuata.

Somo hili linahusu namna tovuti inavyoweza kuifanya kazi hiyo. Limeandikwa kwa muuzaji na kwa mnunuzi pamoja, kwa sababu katika biashara ndogo mpaka kati ya wawili hao ni mwembamba. Mwalimu anayeagiza dumu la mafuta leo huenda mwenyewe anauza vifaranga. Tutatumia mfano wa kubuni wa mkamuaji wa alizeti mwenye mashine moja, wasaidizi wawili na tovuti ya kurasa tatu.

Yafaa kwanza kuuliza iwapo anaihitaji tovuti. Wauzaji wengi hutumia WhatsApp na Instagram, na hakuna ubaya. Hata hivyo, tangazo linalowekwa kwenye hali ya WhatsApp hutoweka baada ya saa 24, na akaunti ya mtandao wa kijamii inaweza kufungwa au kuibwa, wafuasi wote wakapotea nayo. Tovuti ni kama kiwanja chenye hati: mteja aliyeandika anwani yake mwaka jana ataikuta palepale. Lakini kiwanja kisichofyekwa huota magugu. Muuzaji asiye na muda wa kuihuisha tovuti yake walau mara moja kwa mwezi ni afadhali asiifungue, kwani bei ya mwaka juzi humfukuza mteja haraka kuliko kutokuwa na ukurasa kabisa.

Maswali ya mteja kabla ya salamu

Mteja anapofungua ukurasa hatafuti historia ya kampuni wala maneno kama “tunaongoza kwa ubora”. Anataka kujua ni nani anayeuza, yuko wapi, anauza nini, kwa kipimo gani, kwa bei gani, bidhaa itamfikiaje, na itakuwaje ikifika imevuja. Majibu hayo yanapaswa kuonekana kwenye ukurasa wa kwanza kabla ya picha za mapambo. “Tupo Singida” si anwani. “Kinampanda, wilaya ya Iramba”, pamoja na jina la kitongoji, alama inayojulikana na namba ya simu inayopokelewa, ni anwani.

Kipimo kinastahili maelezo ya ziada, maana hapo ndipo migogoro mingi ya mafuta inapoanzia. Lita moja ya mafuta ya alizeti ina uzito wa takribani gramu 920. Kwa hiyo dumu la lita 5 lina kilo 4.6 hivi, si kilo 5. Muuzaji akiandika “kilo 5” kisha akatuma lita 5, mteja amepunjwa karibu gramu 400, hata kama muuzaji hakukusudia. Kwenye dumu la lita 20 pengo hilo hukaribia kilo 1.6. Tovuti itaje kipimo kimoja, kilekile kilichoandikwa kwenye chombo, na mnunuzi akikuta viwili vinachanganywa aulize kabla ya kulipa. Anayepunjwa kwa vipimo anaweza kupeleka malalamiko yake Wakala wa Vipimo.

Bei nayo iwe na tarehe. Bei ya alizeti haisimami mahali pamoja kati ya mavuno na miezi ya uhaba, na mteja anaelewa hivyo. Asichokielewa ni kuona bei moja kwenye tovuti na kutajiwa nyingine kwenye simu. Mstari mfupi kama “Bei hizi ni za kuanzia tarehe 1 Julai, bila nauli ya mzigo” huondoa ugomvi wote. Nauli ya basi hadi Dodoma, Mwanza au Dar es Salaam nayo itajwe, walau kwa makadirio, kwa kuwa gharama inayojitokeza mwishoni ndiyo inayomfanya mteja aache oda njiani.

Alama ya ubora ya TBS isiwekwe kwenye tovuti ila kwa bidhaa iliyoithibitishiwa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na upotoshaji ni upotoshaji tu, uwe kwenye lebo ya chupa au kwenye kioo cha simu.

Picha nzito, mteja mwepesi wa kuondoka

Mkamuaji wetu amepiga picha 10 nzuri za mashine, mashamba na madumu. Kila picha, kama ilivyotoka kwenye simu, ina ukubwa wa megabaiti 4. Amezipandisha zote kwenye ukurasa wa kwanza bila kuzipunguza. Ukurasa huo sasa una uzito wa megabaiti 40. Mteja aliye mahali ambapo intaneti inakwenda kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde atausubiri kwa zaidi ya dakika 5, na kifurushi chake kitakuwa kimelika kwa kutazama tangazo la mtu mwingine. Hatasubiri. Ataondoka, na muuzaji hatajua kamwe kwamba alikuja.

Picha hizohizo zikipunguzwa hadi upana wa pikseli 1,200 na kubanwa mpaka kilobaiti 150 kila moja, ukurasa unabaki na megabaiti 1.5 na hufunguka kwa sekunde 12 kwa kasi ileile. Macho hayatambui tofauti kwenye kioo cha simu. Programu za kupunguza picha zipo bila malipo, na kazi yenyewe haizidi nusu saa. Zaidi ya hapo, picha 10 ni nyingi mno. Tatu zinatosha: bidhaa ikiwa na lebo inayosomeka, mahali inapotengenezwa, na mizani au chombo cha kupimia. Video inayojicheza yenyewe iondolewe.

Muuzaji aijaribu tovuti yake kwenye simu ya bei nafuu ya jirani, akiwa juani, kwa kutumia kifurushi cha kawaida. Kompyuta ya fundi aliyeitengeneza, yenye kioo kikubwa na intaneti ya ofisini, huficha kila kasoro.

Kufuli na maana yake

Tangu Julai 2018 kivinjari cha Chrome huonya kwamba tovuti si salama iwapo anwani yake haianzi na https. Mteja anayeona onyo hilo mara nyingi hurudi nyuma. Cheti kinachohitajika kinaweza kupatikana bila malipo, na watoa huduma wengi wa kuhifadhi tovuti hukiweka wakiombwa, hivyo muuzaji hana sababu ya kukikosa.

Mnunuzi naye asiitegemee alama hiyo kupita kiasi. Inaonyesha kwamba mawasiliano kati ya simu yake na tovuti yamefichwa dhidi ya wadukuzi wa njiani. Haisemi lolote kuhusu uaminifu wa mtu aliye upande wa pili. Tapeli naye anaweza kupata cheti kilekile.

Kinga iliyo bora zaidi iko kwenye malipo. Muuzaji atumie namba ya malipo ya biashara iliyosajiliwa kwa jina lilelile linaloonekana kwenye tovuti. Mteja anapoingiza namba hiyo, jina la mpokeaji hutokea kabla hajathibitisha malipo. Jina likiwa tofauti, asitishe muamala na apige simu kwanza. Ujumbe unaodai kwamba “namba ya zamani ina tatizo, tuma kwenye hii” usifuatwe. Namba iliyoutuma iripotiwe kwa kutumwa kwenda 15040.

Jina la tovuti ni mali ya nani?

Hapa ndipo biashara ndogo hupoteza zaidi, na ndipo wenye biashara huuliza kidogo zaidi. Majina ya vikoa yanayoishia na .tz yako chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania na husajiliwa kupitia wasajili walioidhinishwa. Biashara kwa kawaida hutumia.co.tz. Usajili huwa na muda maalumu na lazima uhuishwe. Taarifa za kukumbusha hutumwa kwa anwani ya barua pepe iliyoandikwa wakati wa kusajili.

Sasa fikiria fundi amesajili jina kwa niaba ya mkamuaji wetu, akaandika jina lake mwenyewe, barua pepe yake na simu yake. Miaka miwili baadaye fundi amehamia mkoa mwingine. Taarifa ya kuhuisha inamfikia yeye, naye haishughulikii. Tovuti inazimika katikati ya msimu wa mauzo, huku jina likiwa limechapishwa kwenye maelfu ya lebo. Likishaachiwa, mtu mwingine anaweza kulisajili na kupokea wateja wa mwenzake, na malipo yao pia.

Kwa hiyo, kabla ya kumlipa fundi malipo ya mwisho, mwenye biashara ahakikishe kwamba jina limesajiliwa kwake au kwa biashara yake, barua pepe ni yake, nywila zote amekabidhiwa na amezibadilisha, na tarehe ya kuhuisha imeandikwa mahali asipoweza kuisahau. Makubaliano hayo yawe ya maandishi tangu siku ya kwanza. Fundi mwaminifu hatakasirika.

Baada ya mauzo ya kwanza

Mteja hurudi kwa sababu ya mambo ya kawaida: alijulishwa mzigo ulipopakiwa, alipewa jina la basi na namba ya stakabadhi, na simu yake ilipokelewa dumu lilipofika limevuja. Tovuti ieleze wazi utaratibu wa kurudisha au kubadilisha bidhaa. Maoni ya wateja yakichapishwa yawe ya kweli, hata lile la kulalamika likiwa na jibu lake. Sifa kumi zilizoandikwa kwa mwandiko mmoja hujulikana.

Namba za simu za wateja zisigeuzwe orodha ya kutumia matangazo bila ridhaa, wala zisipewe mfanyabiashara mwingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu pia daftari la mkamuaji wa Kinampanda. Mteja anayetaka namba yake ifutwe aseme, na ifutwe.

Mnunuzi ahifadhi picha ya ukurasa inayoonyesha bei na kipimo, ujumbe wa malipo na stakabadhi ya mzigo hadi bidhaa itakapomridhisha. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua makubaliano yaliyofanyika kwa njia ya kielektroniki, hivyo kumbukumbu hizo zina uzito. Lalamiko lianzie kwa muuzaji, kwa maandishi, likitaja tarehe na kiasi kilicholipwa. Likishindikana hapo, la upotoshaji wa bidhaa au bei lipelekwe Tume ya Ushindani, na la utapeli liripotiwe polisi mapema, pamoja na kuwaarifu watoa huduma za malipo ili fedha zizuiwe kabla hazijatolewa.