Tusome karatasi za mzigo kabla ya lori

Ndugu wanakikundi wa Zombo, tuseme tunataka mashine ya kukoboa mpunga kutoka Nairobi. Tusikimbilie lori. Muuzaji atupe ankara yenye jina la mali, idadi na bei. Dereva naye awe na hati ya mzigo. Zisipolingana, mzigo utalala mpakani Namanga, na kulala huko ni pesa.

Mali iliyotengenezwa Kenya, isiyozidi dola 2,000 za Marekani, hupewa pale mpakani cheti rahisi cha kuonyesha ilikotoka. Haitozwi ushuru wa forodha. Kodi nyingine zaweza kubaki. Lakini jamani, someni kibati cha mashine! Ikiwa imetengenezwa China, cheti hicho hatukipati, hata tukiinunua Nairobi. Tukisome kabla ya kulipa.