Kabla Hujatuma Pesa: Jinsi ya Kupima Thamani ya Mashine ya Kerezo ya Mtumba

Kutoka Dagoretti Corner ukifuata Ngong Road, ama ukiingia Kawangware kwa Naivasha Road, kazi ya chuma haiishi. Hapa wanachomelea mageti, pale wanafungua gari. Fundi akihitaji shafti, bushi ama puli ya kipimo fulani, anaipeleka kwa mwenye mashine ya kerezo, ile wengi huita leithi. Mashine mpya ni ghali, kwa hivyo za mtumba zina soko: unanunua, unarekebisha kidogo, unauza.

Shida ni kwamba mashine hii hupakwa rangi mpya kwa asubuhi moja, na rangi haiponyi chuma kilicholika. Ndio maana somo la leo lina kanuni moja tu: kagua kwanza, piga hesabu, halafu ndio ufungue simu kulipa.

1. Anza na bei utakayouzia

Usianze na bei ya muuzaji. Ongea na mafundi wawili watatu wanaotafuta mashine, uwaulize wako tayari kulipa ngapi na wanataka saizi gani. Saizi ni vipimo viwili: unene wa chuma kinachoweza kuzunguka juu ya reli, na urefu kutoka kichwa cha mashine hadi mkia. Anayekata bushi za gari hahitaji urefu sawa na anayekereza shafti ndefu za mashine za kusaga unga.

Kisha rudi nyuma kwa hesabu. Huu ni mfano tu, si bei za soko:

- Bei unayotarajia kuuzia: KSh 400,000
- Toa lori la kreni: 30,000
- Toa chaki (kile kishikio cha chuma) inayokosekana: 35,000
- Toa mota na kazi ya stima: 40,000
- Toa faida yako na pesa ya dharura: 60,000
- Inabaki: KSh 235,000

Hiyo 235,000 ndiyo bei yako ya juu. Muuzaji akikataa kushuka chini ya 280,000, hiyo 45,000 ya ziada inatoka kwa faida yako. Mshukuru, uende.

2. Angalia reli kabla ya kitu kingine

Reli ndizo njia ambazo kibebeo cha kisu hupitia, na ndizo zenye thamani kubwa. Kazi nyingi hufanyika karibu na chaki, kwa hivyo reli hulika zaidi hapo, huku upande wa mkia ukibaki karibu kama mpya.

Pitisha kidole polepole karibu na chaki. Ukihisi ngazi kati ya sehemu iliyolika na ile isiyoguswa na kibebeo, hiyo ni dalili. Kisha kaza kidogo kifungio cha kibebeo kikiwa karibu na chaki, hadi kisonge kwa uzito kiasi, halafu kizungushe kuelekea mkia. Kikizidi kuwa kizito ama kikikwama njiani, reli zimelika upande wa chaki.

Kurekebisha reli kunamaanisha kufungua mashine yote na kuipeleka kwa mwenye mashine kubwa ya kusawazisha. Gharama hiyo inaweza kumeza faida yote. Majina ya Kiingereza kama Colchester na Harrison yanaheshimika, lakini jina haliponyi reli. Colchester iliyolika inaweza kukupa hasara kuliko mashine isiyojulikana iliyotunzwa.

3. Iwashe, isikilize, ikate

Mashine isiyoweza kuwashwa ina bei ya mashine mbovu, hata muuzaji aape. Ikizimwa, funga chuma kirefu kwenye chaki ukiinue kwa mkono. Ukihisi mchezo, beringi za kichwa zina kasoro. Ikiwashwa, iache izunguke dakika kumi na tano, mwendo wa chini na wa juu, na ujaribu kila gia. Mlio wa kusaga ama kichwa kinachochemka ni onyo. Kunja mikono ya shati na usikaribie chaki ikizunguka.

Nenda na kipande chako cha chuma cha mviringo. Kifunge bila kutegemea mkia, kikatwe kidogo kwa urefu wa takriban sentimita kumi, kisha upime unene ncha zote mbili kwa maikromita. Vipimo vikitofautiana, usikimbilie kuhukumu, kwa sababu hata mashine iliyokaa kwenye sakafu isiyo sawa hukata hivyo. Lakini ikiwa jaribio la reli nalo lilikuwa baya, jibu unalo.

4. Hesabu vinavyokosekana

Uliza kuhusu chaki ya meno matatu na ya meno manne, kishika kisu, mkia, na gia za ziada za kukatia nyuzi za skrubu. Bila hizo gia, mteja anayetegemea kukata nyuzi hatainunua. Angalia pia kama skrubu ndefu ni ya inchi ama ya milimita.

Mchezo kwenye usukani wa kisu usikutishe sana. Mara nyingi ni nati iliyolika, na fundi anaweza kuchonga nyingine. Mkanda na swichi pia ni kazi ndogo. Tumia makosa haya kushusha bei.

Soma bamba la mota. Mashine nyingi kubwa hutumia stima ya fezi tatu, ilhali karakana nyingi ndogo zina fezi moja tu ya volti 240. Tofauti hiyo ni gharama ya mtu, na usipoiuliza mapema itakuwa yako.

5. Karatasi

Muuzaji aonyeshe mashine ilitoka wapi. Ikiwa ilikuwa ya chuo cha umma, lazima iwe iliuzwa kwa utaratibu wa Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015, na mnunuzi wa kwanza awe na karatasi. Piga picha namba ya mashine na uiandike kwenye mkataba.

Wengine hujifariji kwamba biashara ikigoma watauza mashine kwa kilo. Fahamu kuwa Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 inahitaji mfanyabiashara awe na leseni, na Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara hiyo kwa miezi kadhaa. Usijenge hesabu yako juu ya njia hiyo.

6. Sasa lipa

"Kuna mteja mwingine yuko njiani, tuma kidogo nikushikie." Ukisikia hivyo kabla hujaona mashine, weka simu mfukoni. Amana hutumwa baada ya ukaguzi, kwa mkataba uliosainiwa.

Jina linalotokea kwenye simu kabla malipo hayajakamilika lilingane na kitambulisho cha muuzaji na mkataba. Akitaka pesa ziende kwa "shemeji", simama hapo. Lipa kwa awamu: amana baada ya kukagua, salio mashine ikiwa juu ya lori. Kumbuka muamala mmoja wa M-PESA hauzidi KSh 250,000, kwa hivyo panga mapema. Hifadhi kila ujumbe wa malipo.

Na tusidanganyane: huduma ya kurudisha pesa ni ya mtu aliyekosea namba. Haikuwekwa kumwokoa aliyenunua mashine mbovu, na pesa zikishatolewa ni vigumu kuzifuata.

Jipime

Umepewa mashine mbili kwa bei moja. Ya kwanza ina rangi mpya na chaki mbili, lakini kibebeo kinakwama kikielekea mkia. Ya pili ina kutu juu, swichi imekufa na haina chaki, ila fundi wa stima ameiwasha moja kwa moja, inakata sawa na reli zake ni nzuri. Utalipia gani? Kama umechagua ya pili, na umeshatoa bei ya chaki na swichi kwenye hesabu, uko tayari kwenda kukagua.