Hita ya Gari la Zamani: Mipira na Koki

Swali: Hita ya Land Rover ya zamani hupuliza hewa baridi hata baada ya safari ndefu. Mipira yake huungwa vipi?

Jibu: Hita ni rejeta ndogo inayopitisha maji ya moto ya injini. Mpira wa kwanza huyachukua kwenye silinda hedi, kabla ya themostati. Wa pili huyarudisha upande wa pampu unaovuta maji. Tofauti ya msukumo kati ya sehemu hizo ndiyo inayoyazungusha. Koki ya kudhibiti joto hukaa kwenye mpira wa kuingizia na huvutwa kwa kebo.

Injini ikiwa ya moto, mipira yote miwili iguswe kwa uangalifu. Mmoja ukiwa wa moto na mwingine baridi, koki imeganda, rejeta ndogo imeziba kwa kutu, au hewa imenaswa ndani. Yote miwili ikiwa vuguvugu tu, mara nyingi themostati imeng'olewa, desturi mbaya ya mafundi wengi: injini haifikii joto lake, hula mafuta zaidi na kuchakaa mapema. Themostati irudishwe kwanza. Hewa hutolewa kwa kujaza maji injini ikiwa imepoa, pua ya gari imeinuliwa na koki iko wazi.